Telesia na Tufunga

Telesia Mafile'o hakuwahi kujifanya mnyenyekevu. Ukimwambia kwamba amefanya kazi nzuri, hakujibu "aa, kawaida tu" kama wengine. Alisema, "Najua," kisha akaangua kicheko ambacho hata watu wa benki, ng'ambo ya barabara, walikisikia wakainua vichwa. Alikuwa mwanamke mrefu, mnene, mwenye sauti ya pili nzito kwenye kwaya, na kila Jumatatu alikuja kazini na mkanda mpya wa ukindu kiunoni, aliousuka mwenyewe, akazunguka meza kwa meza mpaka kila mtu auone.

Nilifanya naye kazi miaka mingi katika ofisi ya programu pale Nuku'alofa, juu ya duka la vitambaa. Tuliandika programu za meli zinazokwenda visiwani: nani kapanda, mzigo gani umepakiwa, chombo kimefika Ha'apai au bado kinahangaika baharini. Kwa watu wa visiwa vya mbali, programu hizo ndizo zilizowaambia kama unga utafika wiki hii, na kama mgonjwa wao aliyepelekwa hospitali ya mji mkuu yumo kwenye meli ya kurudi.

Telesia alizaliwa Kolovai, akasomea hesabu na kompyuta Suva, na alipomaliza kila mtu alidhani atawafuata ndugu zake Auckland. Hakwenda. Alipoulizwa sababu alisema Auckland wana watu wa kutosha wa kujisifu, Tonga inamhitaji yeye. Watu walicheka, lakini yeye hakuwa anatania.

Enzi zile intaneti yetu ilitoka angani kwa setilaiti, nayo ilikuja kwa kudondoka. Ukiomba kitu asubuhi, kinafika umeshakula mchana. Na programu, hata ndogo, ina vipande vingi, na kila kipande kinaegemea vipande vingine vilivyoandikwa na watu wa nchi nyingine. Hivyo tunaviita vitegemezi. Kikikosekana kimoja, kazi nzima inalala. Ilikuwa kawaida mwenzetu kusafiri kwa meli mpaka Vava'u kuweka programu mpya, akafika, akagundua kitegemezi kimoja kimebaki mjini, akageuza njia akiwa ametapika bahari nzima bure.

Telesia alichoka. Akaandika Tufunga, neno letu la fundi stadi. Tufunga ni programu inayojenga programu nyingine: inakusanya vipande, inavipanga kwa mfuatano wake, inaangalia kipi kinategemea kipi, mwisho inakupa kitu kizima kinachofanya kazi.

Lakini Tufunga nayo ni programu. Ikiwa yeye ndiye mjenzi wa wote, nani atamjenga mjenzi? Hapo Telesia ndipo alipojivunia zaidi. Aliandika programu nyingine ndogo sana, akaiita Mbegu. Mbegu haikuhitaji chochote isipokuwa kile kigeuzi kinachokuja na kila kompyuta, kinachogeuza maandishi ya mtu yakawa lugha ya mashine. Ukishaipata Mbegu, Mbegu inajenga Tufunga nzima, na Tufunga inajenga vingine vyote. Kuanzia sifuri mpaka meli ya Vava'u, bila kumwomba mtu maji.

Na alikuwa na sheria moja aliyoirudia mpaka tukaiota. Folda ni mbili. Moja ni nyumba, ambamo Tufunga inakaa ikishajengwa. Ya pili ni ghala, ambamo vitegemezi vinawekwa. Anayejenga ndiye anayesema nyumba iwe wapi na ghala liwe wapi. Tufunga haibahatishi, haichungulii kwa jirani.

"Ukichanganya nyumba na ghala," alikuwa akituambia, "siku ukibomoa nyumba kuukuu unatupa na chakula cha watoto. Au mbaya zaidi, unajenga nyumba mpya kwa mabaki ya zamani bila kujua. Mmenisikia, au niimbe?"

"Tumekusikia, Bi Telesia. Usiimbe."

Tufunga ilienea. Watu wa Niue waliitumia, watu wa Tokelau, hata ofisi moja ya Kiribati. Telesia alibandika ramani ya Pasifiki ukutani, na kila mahali ilipofika Tufunga alichomeka pini nyekundu. Wageni waliokuja kuulizia choo walionyeshwa kwanza ramani.

Kisha ofisi ikapata mkuu mpya, na mkuu huyo alikuwa Falakiko, mtoto wa kaka yake Telesia.

Kwetu shangazi si mtu wa kuchezea. Kwenye harusi, kwenye msiba, kwenye ubatizo, yeye anakaa juu, anachukua mkeka anaoutaka, na watoto wa kaka zake wanainamisha vichwa. Kwa hiyo nyumbani Falakiko alimpisha shangazi yake mlangoni, na ofisini shangazi huyo huyo alimwomba ruhusa ya likizo. Telesia aliufurahia mchezo huo kupita kiasi.

"Mkuu," alisema siku moja mbele yetu sote, akijikunja kama mtumishi, "naomba ruhusa ya kwenda kwa daktari wa meno. Ukinikatalia si neno. Tutaonana kwenye ubatizo wa binti yako."

Falakiko alisaini bila hata kusoma.

Alikuwa kijana mzuri, mtaratibu, anayevaa mkeka wake wa kiunoni, vazi letu la heshima, sawasawa na kufika kabla ya wote. Ndiyo maana tulishtuka asubuhi ile alipotuita kikaoni akasema kwamba Baraza la Vyombo vya Visiwa linataka visiwa vyote vitumie chombo kimoja cha kujengea programu, wajumbe wanakuja Tonga kuamua, na yeye angependekeza chombo kipya kutoka nje.

Alimgeukia Telesia. "Shangazi... samahani, Bi Telesia..."

"Sema shangazi tu, mwanangu. Habari mbaya hushuka vizuri zaidi."

"Mambo yamebadilika. Kebo ya baharini imefika. Chombo kipya kinajichukulia vitegemezi vyake mtandaoni chenyewe. Sisi bado tunatembeza ghala letu kwenye flashi kama wachuuzi wa karanga."

"Na kebo ikikatika?"

"Itaunganishwa."

"Na mpaka iunganishwe, watu wa Niua, kule mwisho kabisa wa visiwa vyetu, wataujua mwendo wa meli kwa kumuuliza nani? Popo wa Kolovai?"

Tulicheka, maana kijiji chake Kolovai kinasifika kwa popo tu. Falakiko hakucheka. "Tunaisifu sana Tufunga, shangazi. Na mgema akisifiwa tembo hulitia maji."

Telesia aliegemea kiti chake kikalia. Kisha akasema polepole, "Haya. Wakija hao wajumbe, toeni kompyuta mpya kwenye boksi mbele ya macho yao. Haijawahi kuwashwa. Mtandao tunauzima. Nitaipa msimbo wa Tufunga, nitaipa ghala, basi. Nikishindwa kuisimamisha, nitaifuta Tufunga kwa mkono wangu, na hicho chombo chako nitajifunza kama mtoto wa darasa la kwanza."

"Mbele ya mashahidi?" aliuliza Falakiko.

"Lisiate," Telesia akaniambia mimi, "wewe ni shahidi. Funga mdomo, nzi wataingia."

Kikao kilipangwa Jumatatu. Jumamosi asubuhi Telesia alinipigia simu nije ofisini; ametoa mashine moja mpya, anataka kujaribu. "Si kwamba nina shaka," alisema. "Nataka kujifurahisha tu." Nilimkuta ameshaleta mfuko wa keke, yale maandazi yetu ya duara, bado ya moto, mafuta yamelowesha karatasi, na amevua viatu.

Aliweka msimbo. Aliweka ghala. Akaandika amri, akabonyeza, akachukua keke.

Mbegu ilijengwa vizuri. Kisha Mbegu ikaanza kuijenga Tufunga, ikaenda, ikaenda, ikasimama. Kwenye skrini ukatoka mstari mmoja: kitegemezi hakipatikani, kisomaji.

Kisomaji kilikuwa kipande cha Tufunga kinachosoma maagizo ya mjenzi. Telesia alitazama ule mstari na keke mdomoni. Akafuta kila kitu, akaanza upya. Ikasimama palepale. Akahamia kwenye kompyuta yake ya siku zote, akatoa amri ileile. Ikajengwa mpaka mwisho bila kukwaa.

"Labda mashine mpya ni mbovu," nilisema.

"Mashine haina kosa, Lisiate. Haina hata akili ya kukosea."

Akaufungua msimbo wa Mbegu, akaanza kuusoma tangu juu, kidole kwenye skrini, midomo ikitembea. Sijawahi kumwona amekaa kimya hivyo. Jua lilikuwa limeshaingia dirishani na keke zimepoa alipoacha kidole chake mahali pamoja.

"Soma hapa," aliniambia.

Nikasoma. Ulikuwa mstari mfupi. Ulisema: kabla ya kutafuta kitegemezi ghalani, angalia kwanza kama kuna nyumba ya zamani ya Tufunga, na kama kimo humo, kichukue.

Nilielewa, nikatamani nisingeelewa. Kila kompyuta yetu ilikuwa na Tufunga ya zamani, maana mashine mpya tuliinakilia kutoka ya zamani. Vava'u vilevile, na Niue, na Tokelau. Kila tulipojenga mpya, ilikuwa inachukua kisomaji kimyakimya kutoka kwenye nyumba kuukuu. Na kisomaji hicho chenyewe kilijengwa na Tufunga. Mduara mtupu. Miaka yote ile hakuna mtu aliyewahi kuanza na sifuri, kwa sababu hakuna aliyewahi kuwa na sifuri.

"Ni nani aliyeandika huu mstari?" niliuliza.

"Mimi." Alijifuta mikono kwenye sketi. "Mwaka wa msiba wa baba, nilipokuwa namalizia Mbegu. Kuna kitu kilikuwa hakijengeki, na meli ya kuwaleta ndugu ilikuwa imeshatia nanga, natakiwa nikapokee mikeka ya msiba. Nikasema naweka hivi kwa leo tu." Akausukuma mfuko wa keke kando. "Mtoto alikuwa ananyonya kwa bibi yake, na mimi huku natangaza visiwa vyote kwamba anakula mwenyewe."

Kuufuta mstari ilikuwa rahisi. Lakini ukishaufuta, Tufunga haina kisomaji, na kisomaji hakijengeki bila Tufunga. Ilibidi aandike kisomaji kingine kidogo, chepesi, ambacho Mbegu inaweza kukijenga peke yake kabla ya jambo lolote. Alianza. Alasiri ilipofika alikuwa ameandika nusu, naye alikuwa anabonyeza kibodi kama anayepiga gome la mti kutengeneza nguo. Ghafla akainuka, akatafuta viatu.

"Unakwenda wapi? Bado nusu!"

"Kwenye mazoezi ya kwaya. Nikikaa hapa na hasira hizi nitaandika mstari mwingine wa kwa leo tu."

Jumapili kwetu hata ndege za abiria hazitui, sembuse mtu kushika kibodi. Tuliimba misa, na Telesia aliimba vizuri kuliko siku zote, kisha tukaenda kula kwa kaka yake, mimi nikiwa mgeni. Tanuri la ardhini lilikuwa limeshafukuliwa. Kulikuwa na viazi vikuu, na lu, ile nyama iliyofungwa kwenye majani ya magimbi na tui zito. Telesia alikaa mahali pake pa juu, Falakiko mbali mlangoni. Watu walipokuwa katikati ya kula, akamwita.

"Falakiko. Tufunga haiwezi kujengwa kutoka sifuri. Nimejaribu jana."

Kijana aliacha tonge hewani. Telesia akaeleza yote, mstari, msiba, kisomaji, hakujipunguzia hata kidogo. Mficha uchi hazai, na Telesia alitaka kuzaa.

Falakiko alilirudisha tonge kwenye jani. "Shangazi, tuahirishe. Nitawaambia wajumbe kwamba umeme ulikatika."

"Utasema uongo kwa ajili yangu, tena Jumapili?"

"Nitausema Jumatatu."

Hata kaka mtu alicheka mpaka akapaliwa. Lakini Telesia alitikisa kichwa. "Hapana. Nitawaambia mwenyewe. Umeshinda, mwanangu. Kwa nini huonekani kama mtu aliyeshinda?"

Falakiko alisogea karibu, bado amekaa chini, macho kwenye mkeka. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Kwa sababu sikutaka kuitupa Tufunga kwa kuwa ni mbaya. Unakumbuka ulipolazwa na lile tumbo? Vava'u walitupigia, mashine yao imekufa, wanataka kujenga upya. Nilikaa mbele ya Tufunga siku nzima. Sikujua nyumba ni ipi na ghala ni lipi. Mimi, mkuu wa ofisi. Niliona haya. Nikasema, siku shangazi akiondoka, kitu hiki kinakufa naye. Bora tuwe na chombo ambacho kuna watu elfu wanakijua huko duniani."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nani anamwambia shangazi yake?"

Telesia alichukua kipande kinono cha nyama kutoka sahani yake, akamwekea Falakiko kwenye jani lake, jambo ambalo kwetu halifanyiki ovyo. "Kesho alfajiri," alisema. "Ofisini. Wewe utaandika. Mimi nitakaa nyuma."

Nilipofika Jumatatu niliwakuta. Falakiko ndiye aliyekaa kwenye kibodi, mikono ya shati imekunjwa. Telesia alikuwa kwenye kigoda nyuma yake, mikono ameifumbata kwapani kana kwamba anaizuia isimkimbie.

"Kwa nini kisomaji kidogo kinakwenda kwenye folda yake na si moja kwa moja nyumbani?" aliuliza Falakiko.

"Wewe unaonaje?"

"Kwa sababu... nyumba haijaanza kujengwa. Hiki ni kijukwaa cha kupandia tu. Tukimaliza tunakitoa."

"Ala! Kumbe kichwa unacho. Nilidhani umekaa na cha mama yako tu."

Kila mstari alimfanya aeleze sababu, na asipoweza hawakuendelea. Kwa hiyo walichelewa. Falakiko aliandika mstari wa mwisho wajumbe wakiwa tayari wanapanda ngazi, tukisikia wakilalamikia joto. Hapakuwa na muda wa kujaribu.

Mwenyekiti wao alikuwa mzungu kutoka Auckland aitwaye Alister, mtu mwembamba mwenye maswali makali. Walikuwapo watu wa Samoa na Niue, na mama mmoja wa Tokelau, Sulia, ambaye anahudumia kompyuta zote za visiwa vyao vitatu kwa kusafiri na mashua, maana kwao hakuna uwanja wa ndege. Alikuwa mfupi, mkavu, na alipoonyeshwa pini yake kwenye ramani alisema imechomekwa baharini.

Telesia alisimama mbele yao, mkanda wake mpya kiunoni.

"Niliwaalika mwone Tufunga ikijengwa kutoka sifuri," alisema. "Miaka mingi nimewaambia inawezekana. Juzi nimegundua haikuwa kweli. Kosa ni langu, nitawaonyesha mstari wenyewe." Akawaonyesha. Akaeleza jinsi mashine zao wenyewe zilivyokuwa zikikopa kwenye nyumba za zamani.

Alister aliinama kwenye skrini. "Kwa hiyo miaka yote hii haijawahi kujengwa bila Tufunga nyingine kuwapo?"

"Haijawahi. Nilijisifu kwa kitu ambacho sikuwa nimekiona. Leo asubuhi mkuu wangu amekitengeneza. Hatujakijaribu. Tutakiona pamoja, au hatutakiona."

Nilimtazama Falakiko. Lile neno "mkuu wangu", lililosemwa safari hii bila mzaha, lilimfanya akunjue mikono ya shati na kufunga vifungo.

"Na sitakijenga mimi," Telesia aliendelea. "Bi Sulia, tafadhali kaa hapa."

"Mimi? Mimi nimekuja kutazama na kula."

"Chakula kipo. Maelekezo ni haya, ukurasa mmoja. Ukikwama kwa sababu maelekezo ni mabaya, sema kwa sauti, kila mtu asikie."

Tuliitoa mashine kwenye boksi, Alister akachomoa mwenyewe waya wa mtandao. Sulia alikaa, akavaa miwani, akasoma kwa sauti kama anayesoma tangazo la serikali. Akataja ghala lilipo. Akafika pa nyumba: andika mahali ambapo Tufunga itakaa. Akaandika jina la folda, Fale o Sulia, nyumba ya Sulia, maneno matatu yenye nafasi katikati.

Chumba kizima kilivuta pumzi. Kila mwenye kazi yetu anajua kwamba nafasi katikati ya jina la folda imeua programu nyingi kuliko virusi. Programu inadhani jina limeisha, inajenga nusu huku na nusu kule.

"Usiweke nafasi," Alister alisema. "Utaiua."

Sulia alimtazama juu ya miwani. "Watu wangu ndivyo wanavyoandika majina ya folda zao. Niende visiwa vitatu nikawaambie waache?"

Alister alimgeukia Telesia. Telesia alimgeukia Falakiko. "Umefunga majina kwenye alama za kunukuu?"

"Uliniambia kila mahali," alisema Falakiko. "Nimefunga kila mahali, jina lisomwe zima."

"Mwacheni abonyeze," alisema Telesia.

Sulia akabonyeza. Mbegu ikajengwa. Kisomaji kidogo kikajengwa, mahali pake, kwenye kijukwaa chake. Kisha maandishi yakaanza kupanda kwenye skrini, mstari juu ya mstari, yakafika palipokuwa pamekwama Jumamosi. Nilijikuta nimeshika mkono wa mtu wa Niue nisiyemjua hata jina. Yakapapita. Yakaendelea kupanda, yakapungua kasi, yakasimama.

"Imekufa?" aliuliza Sulia.

"Soma mstari wa mwisho," alisema Telesia.

Sulia alisogeza miwani. "Tufunga imekaa nyumbani. Fale o Sulia." Akageuka na kiti kizima. "Imekaa nyumbani! Na jina langu imeliandika sawasawa!"

Watu wakapiga makofi, lakini Alister aliinua mkono. Alikuwa mtu wa haki, hakutaka kudanganyika wala kutudanganya. Akamwambia Sulia aifute nyumba yote. Sulia akafuta. Akamwambia alikague ghala. Ghala halikuguswa, kila kitegemezi kilikuwamo. Akamwambia ajenge tena, mahali pengine, kwa jina jingine. Ikajengwa, na ndani yake hapakuwa na chembe ya nyumba ya kwanza. Akamwambia aitumie kujenga programu ya meli. Ikajengwa, ikafunguka, ikauliza: chombo gani, kinatoka wapi?

Alister alivua miwani yake. "Basi," alisema, "sina swali."

Telesia alikuwa bado kwenye kigoda. Tulimngojea apige kelele zake, hakupiga. Aliinuka, akaunyoosha mkanda wa kiunoni, akaanza kucheza. Taratibu kwanza, viganja vikigeuka, kichwa kikiinama upande kwa yale madaha ya kike tunayofundishwa kuyatazama tangu utotoni. Mtu wa Samoa akaanza kupiga makofi ya mdundo, Sulia akapiga vigelegele vya kwao, na mama yule mzito akapita katikati ya meza kama hana uzito wowote. Falakiko alisimama pembeni, ameshikilia mikono mgongoni. Mjumbe mmoja akamuuliza yule ni nani hasa.

"Ni shangazi yangu," alisema, na alisema kwa sauti ya kutosha chumba kizima.

Baraza halikuchagua chombo kimoja. Bandari kubwa zenye kebo zilipewa chombo kipya, na Falakiko ndiye aliyekileta na kukisimamia, maana kwa kazi hiyo kilifaa kweli. Visiwa vya mbali vilibaki na Tufunga, kwa sharti lililoandikwa na Falakiko mwenyewe: kila kisiwa kiwe na watu wawili wanaoweza kuijenga kutoka sifuri, na kila mwaka waijenge hivyo kwenye mashine tupu, mtandao ukiwa umezimwa. Miaka michache baadaye kebo ilikatika kweli, wiki nyingi, na kule Niua mashine ya bandari ikaungua. Mwalimu mmoja na mke wake wakaisimamisha nyingine kwa flashi na ukurasa wa maelekezo, bila kumpigia mtu simu. Wala wasingeweza kupiga. Tulijua meli ilipofika na orodha ya abiria iliyochapwa sawasawa.

Telesia alitumia miaka yake ya mwisho ya kazi kufundisha watu hao wawili wawili. Alikwenda Tokelau kwa mashua, akatapika kwenda na kurudi, na Sulia akamlaza nyumbani kwake na kumcheka. Kisha akastaafu, akakabidhi funguo na maneno yote ya siri kwa Falakiko, akarudi Kolovai kusuka.

Nilimwona Jumapili moja baada ya hapo, nje ya kanisa, amezungukwa na akina mama, anaongea kwa mikono yote miwili. Falakiko alikuwa amempa habari asubuhi ile. Msichana mmoja wa Niue, ambaye hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumwona, alikuwa amegundua kosa ndani ya Tufunga. Ghala likiwa kwenye diski nyingine, Tufunga ilikuwa inapotea njia. Msichana alilipata, akalisahihisha, akatuma. Watu wa Tokelau wakalijaribu, Falakiko akalikubali, na kazi ikaendelea. Telesia hakuulizwa chochote.

"Mmesikia?" alikuwa akiwaambia wale akina mama, ambao wengi wao hawakuwahi kugusa kompyuta. "Msichana wa Niue amenikosoa! Na kosa lilikuwa langu, tangu zamani, nimelipita mara mia sikuliona. Yeye kaliona!" Aliniona, akanivuta mkono mpaka katikati ya duara. "Lisiate, waambie. Waambie kwamba ni kweli."

"Ni kweli," nilisema.

"Wamefanya bila mimi," alisema Telesia, uso ukimng'aa kama mtu aliyepata mjukuu. "Bila mimi kabisa."